Mwanamke Aliyeona Uhuru Mara Mbili

Nilipoingia ofisi ya usajili wa watu pale Busia, jambo la kwanza nililogundua ni kwamba nusu ya wilaya ilizaliwa tarehe mosi Januari. Nilidhani kuna mtu ananifanyia mzaha. Mzee Barasa, karani aliyekuwa pale tangu enzi za mihuri ya mbao, alinieleza bila kuinua kichwa: "Kama mama hakujua kusoma na baba hakuwa na saa, serikali inampa mtoto Januari mosi. Ni zawadi." Hakucheka, na mimi nikaona heri nisicheke.

Juzi nimestaafu. Nyinyi vijana mliobaki kaunta mmenisumbua niwaandikie ilivyokuwa, na kwa vile sasa sina foleni ya kusingizia, haya, naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Aliyepanda alipanda, na tuliobaki chini tuliona watu zaidi. Nitawaandikia kuhusu kazi yenyewe, ambayo ilikuwa maswali mawili tu: mtu huyu alianza lini kuwa duniani, na alianzia upande gani wa mpaka. Swali la kwanza mtu anaweza kulikadiria. La pili nimeona likiwaliza watu wazima.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa wino. Kulikuwa na kibao cha kioo, rola ndogo ya mpira na tyubu ya wino mweusi ambao ukiingia kwenye nguo, nguo hiyo unaitafutia kazi nyingine. Unakamua kidogo, unasambaza kwa rola mpaka wino uwe mwembamba, halafu unamshika mteja kidole na kukiviringisha kutoka ukingo hadi ukingo. Ukikibonyeza unapata doa, na doa likifika Nairobi linarudi baada ya miezi mingi pamoja na barua ya kukutukana kwa heshima. Mimi nilirudishiwa madoa mengi mwaka wa kwanza.

Vidole vya watu wa kwetu navyo vilikuwa na shida zake. Akina mama wa Bukhayo walikuja wametoka kulima, wachoma makaa walikuja wametoka kuchoma, na ukiviringisha kidole unakuta hakina hata mstari mmoja. Mzee Barasa alikuwa na dawa. "Mama, rudi nyumbani, wacha jembe mpaka wiki ijayo, na kila jioni upake mafuta ya kupikia." Siku moja mama mmoja akamuuliza, "Na nani atanilimia?" "Si una mume?" Foleni nzima ikaangua kicheko, na yule mama akacheka kuliko wote. Hakurudi wiki iliyofuata. Alirudi baada ya mavuno.

Lakini Mzee Barasa alinifundisha jambo kubwa zaidi ya wino. Ukutani mwa ofisi kulikuwa na karatasi yenye matukio ya zamani na miaka yake: nzige, njaa, vita. Mtu asiyejua umri wake alitakiwa aonyeshwe tukio, aseme kama alikuwa mtoto au mtu mzima, nasi tukadirie. Mzee Barasa hakuipenda karatasi ile. "Hii inajua mwaka," aliniambia. "Haijui nyumba ya mtu. Nafula, usimuulize mtu alizaliwa lini. Atakwambia uongo ili akufurahishe. Muulize nani alimbeba mgongoni. Muulize nani alimfuata kuzaliwa. Muulize jambo fulani likitokea, yeye alikuwa amesimama wapi, na kando yake alikuwa nani."

Nililibeba hilo miaka yote. Nililitumia kwa vijana waliotaka kurudi nyuma kiumri ili wachukuliwe jeshini, na kwa walimu waliotaka kurudi nyuma ili wasistaafu. Nilikuta mama aliyempita mwanawe kwa miaka sita, na baba aliyelingana na mwanawe siku, mwezi na mwaka. Majina nayo yalinisaidia sana. Wa njaa ni Nanjala, wa mvua ni Nafula, na mtoto wa kike anayefuata mapacha, kwa Wateso na kwa Wajaluo, ni Akello. Mimi mwenyewe ni wa mvua, na nimestaafu kwa Januari mosi niliyopewa na karani ambaye sikuwahi kumwona.

Sasa hilo swali la upande. Watu wa Nyeri wakitaka kitambulisho wanakwenda na cheti na kurudi nyumbani kula. Sisi wa mpakani tunapigwa msasa. Unakaa mbele ya kamati ya wazee, wanakuuliza baba yako ni nani, babu yako ni nani, alizikwa wapi, mlipakana na nani. Wakikutilia shaka, wewe ni mtu wa ng'ambo. Na ng'ambo ni hapo tu, ukirusha jiwe linafika. Zamani upande wetu huu wote ulihesabiwa kuwa Uganda, mpaka mkoloni akasogeza mstari wake. Babu wa babu yangu alilala Uganda akaamka Kenya, na hakuhamisha hata kuku. Wateso wana ndugu Tororo, Wasamia wana ndugu huko chini ziwani, watu wanaoa huku na kuzika kule. Lakini kamati ilikuwa lazima iwepo, maana kweli kuna waliojaribu kupita wasiokuwa wa hapa, na wazee wale walifanya kazi ngumu bila asante. Sitaki mtu asome hapa akadhani ninawadharau.

Mzee Barasa alistaafu na kurudi Bumala kufuga nyuki, akafariki huko. Miaka ikapita. Tulikuwa tumeingia miaka elfu mbili, na mimi nimekuwa wa kuogopwa kaunta, siku msichana mmoja aliponijia akiwa amemshika mkono mama mzee. Msichana aliitwa Evelyne. Alikuwa amevaa sare ya shule ingawa shule alishamaliza, nadhani ndiyo iliyokuwa nguo yake nzuri.

"Madam," akasema, "nimepata nafasi ya kusomea uuguzi. Wanataka kitambulisho. Nikiomba kitambulisho, naambiwa nilete cha mzazi. Mama yangu alikufa bila hiyo. Baba simjui. Na tata hapa naye hana." Tata ndivyo Wateso wanavyomwita nyanya.

"Chuo kinafungua lini?"

"Mwezi ujao. Nikikosa, wanampatia mwingine."

Yule nyanya alikuwa kimya. Alikuwa mrefu, amejifunga leso mbili, macho yake hayakutua chini kama ya watu wengi mbele ya kaunta yangu. Nikamuuliza jina. "Felista Akello," akasema. "Madam, mimi nimekataliwa na hiyo kamati mara mbili. Sina neno. Nimekaa bila hiyo kadi mpaka nimezeeka, na sijafa. Lakini huyu wakimkataa ataenda wapi? Auze uji kwa madereva kama mimi? Mama yake alianza hivyo hivyo."

Nikafunga dirisha la kaunta. Watu wakanung'unika, nikawaacha wanung'unike. Nikawaketisha nyuma na kuanza kumuuliza kwa njia ya Mzee Barasa.

Alizaliwa Moding, upande wetu huu wa mpaka, akasema, nzige walipokuwa wamekula mtama na vita vya Hitler vinakaribia kwisha. Alijuaje? Mama yake alimwambia kuwa wanaume waliorudi kutoka vitani na makoti mazito ndio walioshika zamu kuwafukuza nzige kwa kupiga madebe, naye akiwa wa wiki chache tu. Mbele yake walitangulia mapacha, wavulana wawili. Akakua. Akaolewa akiwa msichana mdogo na kijana wa reli aliyekuwa akifanya kazi Tororo, wakati ule reli ilikuwa moja kutoka Mombasa hadi Kampala na mtu wa reli hakuulizwa ni wa wapi. Akapata mtoto mmoja tu, Rosa. Mwanajeshi yule alipochukua nchi ya Uganda, mambo yakawa mazuri kidogo, halafu yakawa mabaya sana. Siku moja mchana askari walikuja kituoni na gari, wakamwita mume wake kwa jina, akaacha taa yake ya ishara mezani akatoka. Hakurudi.

"Nilimtafuta," akasema. "Nilikwenda kila mahali palipokuwa na lango la askari. Mwishowe mlinzi mmoja, mtu mzuri tu, akaniambia, mama, wewe una mtoto, nenda kwenu. Nikaja kwa miguu na Rosa."

Alipofika Moding hakukuta mtu. Wazazi wamekufa. Pacha mmoja alikufia Nairobi, mwingine alikuwa ameingia Uganda kutafuta kazi, wakapishana njiani, na hakusikika tena. Boma limeota magugu. Haukupita muda, ile jumuiya ya nchi tatu ikavunjika, reli ikakatwa vipande, mpaka ukafungwa, na Akello akabaki Malaba akiwauzia uji wafanyakazi wa malori. Serikali ilipoanza kuwasajili wanawake, aliogopa. Alidhani akijitokeza atarudishwa kule kwenye malango. Rosa akakua, akaajiriwa hotelini, akapata Evelyne na dereva mmoja wa trela. Kisha ukaja ule ugonjwa ambao ng'ambo waliuita silimu, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Barabara yetu ile ilizika watu, jamani. Wiki nyingine tulikuwa tukienda matangani kama watu wanaokwenda sokoni. Rosa alikuwa mmoja wa waliozikwa, Evelyne bado hajaanza shule.

Nilipomsikiliza nilitaka kulia na sikulia, kwa sababu nilikuwa na swali moja zaidi. "Kamati ilikukatalia nini hasa?"

"Waliniuliza siku ya Uhuru nilikuwa wapi. Nikawaambia Uhuru ya kwanza nilikuwa na mimba, Uhuru ya pili nilikuwa na mtoto mgongoni. Wakasema mimi ni mwongo."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Ekirapa wa huko huko Moding, mtu wa haki lakini mkali, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nilimwomba wamsikilize tena, akakubali kwa shingo upande. Siku hiyo nilikwenda mwenyewe. Walikaa kwenye ukumbi wa bati kando ya ofisi ya chifu, wazee kwenye viti vya plastiki, Akello kwenye benchi mbele yao, na Evelyne nyuma ya nyanya yake akivuta vuta kidole kimoja mpaka kinalia.

"Huyu mama tunamjua," Mzee Ekirapa alianza. "Ni ile story ya Uhuru mbili. Mama, Uhuru ilikuja mara moja. Mimi nilikuwa kijana mzima, niliona kwa macho. Sasa wewe uliona ya pili wapi?"

"Mzee," nikasema, "naomba niingilie. Uganda ilipandisha bendera yake kwanza. Sisi tukapandisha yetu mwaka mmoja na kitu baadaye. Huyu mama alikuwa ameolewa Tororo. Ya kwanza aliiona huko akiwa na mimba, ya pili aliiona huku na mtoto. Mimba ile ndiyo iliyozaa mtoto huyo. Hajadanganya hata neno."

Wakatazamana. Mzee mmoja wa pembeni akasema, "Hiyo ni kweli. Mimi mwenyewe nilivuka kwenda kuangalia ya Uganda. Walitupa mandazi." Nikadhani tumeshinda. Kumbe bado.

"Sawa," akasema Mzee Ekirapa. "Ameona mbili. Hata mtu wa Tororo anaweza kuja kwa sherehe yetu, nyama ya bure nani anakataa? Mimi nauliza kwao. Anasema amezaliwa Moding, baba yake ni Yokana Ikwara. Mimi nimezaliwa Moding, nimezeekea Moding. Huyo Yokana Ikwara simjui. Nyinyi mnamjua?" Wazee wakatikisa vichwa. "Mnaona? Dada, sisi hatuna ubaya na yeye. Lakini tukipitisha mtu ambaye baba yake hajulikani, kesho tutapitisha nani?"

Nilimgeukia Akello. Alikuwa amekunja midomo. Evelyne alikuwa ameinama, machozi yakimdondokea magotini, na hakujishughulisha kuyafuta. Nilikasirika, nasema ukweli. Nilikasirikia ule mstari, nikamkasirikia Mzee Ekirapa, nikajikasirikia mimi niliyekuja na jibu moja nikidhani litatosha. Halafu nikakumbuka kuwa nimekuwa nikimuuliza mama huyu maswali muda wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewauliza wazee.

"Mzee Ekirapa," nikasema, "hiyo siku ya Uhuru yetu, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Akanitazama kama mtu anayempotezea wakati. "Kambi ya chifu. Wapi kwingine? Moding yote ilikuwa huko."

"Kando yako alikuwa nani?"

"Ah, watu! Vijana wenzangu. Tulikuwa tumepanda ule mti waliopaka mafuta, mimi nikafika nusu nikateleza, nikararua suruali." Wazee wakacheka, naye mwenyewe akalegea kidogo kwenye kiti. Huwa hivyo. Mtu akishaingia siku yenyewe, anaiona. "Kukawa na mbio za gunia. Halafu bendera ikapanda, askari wakapiga bunduki juu. Yesu! Watu walikimbia. Wengine walidhani mkoloni amebadilisha mawazo."

"Nani alikimbia?"

"Kila mtu. Wamama wenye watoto. Kulikuwa na huyo mtoto mmoja, huyo alilia! Alilia mpaka tukasahau bendera. Mtoto wa yule msichana wa Salongo, alikuwa amekuja kusalimia kwao. Askari mmoja mwenyewe akaweka bunduki chini akaja kumbembeleza. Na mama yake, sasa huyo alituchekesha, akasema, huyu mtoto..." Akasita akitafuta maneno.

"Nikasema, huyu ya Uganda aliisikia akiwa tumboni na hakusumbua mtu," Akello akasema polepole kutoka kwenye benchi, "lakini ya Kenya imemwogopesha."

Mzee Ekirapa akageuka kumtazama. Niwaeleze vijana ambao si wa huku: Salongo ni heshima tuliyoazima kwa Waganda, ni mwanaume aliyezaa mapacha. Akishazaa mapacha, kijiji hakimwiti tena jina lake. Anakuwa Salongo mpaka kaburini, na watoto wanaozaliwa baadaye hawajui kama aliwahi kuwa na jina lingine.

"Wewe ni wa Salongo?" Mzee Ekirapa akauliza. Sauti ilikuwa imemshuka. "Salongo wa pale karibu na kisima?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini miaka yote hukusema?"

"Mzee, mliniuliza jina la baba. Hapa ni kwa serikali. Ningetaja jina la kuchezea kwa serikali? Nilitaja lile alilobatizwa."

Mzee Ekirapa akavua kofia. Akakaa nayo magotini, akiigeuza. "Salongo alinipa maziwa," akasema, si kwa yeyote hasa. "Mama yangu akiwa mgonjwa. Kila asubuhi. Na msichana anayefuata mapacha ataitwaje kama si Akello? Mimi nimekaa hapa mara mbili, mara mbili, namwambia msichana wa Salongo atoke." Alikuwa na aibu, na mimi nilimhurumia. Alikuwa akilinda lango aliloambiwa alilinde.

Nilidhani kazi imekwisha. Nikaanza kufunga mkoba wangu. Hapo Evelyne akasimama. Nilidhani atashukuru.

"Mzee," akasema, "huyo mtoto aliyelia ni mama yangu."

"Ndiyo, mwanangu. Lazima ni yeye."

"Alikuwa amevaa nini?"

Nikauacha mkoba. Msichana yule alikuwa na kumbukumbu chache mno za mama yake, na zote ni za mtu anayekufa kitandani. Mzee Ekirapa akafumba macho kabisa kutafuta. "Kofia," akasema. "Kofia ya kusuka, nyeupe. Ilianguka akiwa analia, mimi nikaiokota. Alikuwa mnene, mashavu hivi. Ukimnyooshea kidole anakishika na haachi. Alinishika hiki." Akainua kidole. Wazee wengine nao wakaanza kutafuta, mmoja akakumbuka wimbo ulioimbwa, mwingine akakumbuka Salongo akimbeba mjukuu mabegani. Sikuwaharakisha. Foleni ilikuwa imefika barabarani, wacha ikae. Evelyne alisimama katikati yao akipokea kila kitu, na Akello alikuwa analia wazi wazi, kwa sauti, kama watu wanavyolia matangani.

Akello alipitishwa siku hiyo, na kamati ikamwandikia Evelyne kuwa ni mtoto wa Rosa wa Akello wa Salongo wa Moding. Chuo walimpokea akiwa na karatasi ya kusubiri kadi. Kadi ya Akello ilipofika nilimpigia mwenye duka jirani yake amwite. Alikuja, akaishika kwenye ncha kama picha mbichi, akaniuliza imeandikwa nini. Nikamsomea jina, na mahali alipozaliwa, Moding. Akaitazama muda mrefu.

"Rosa hakupata," akasema. Kisha akaifunga kwenye pindo la leso na kwenda zake Malaba, madereva wanangoja uji.

Baada ya hapo miaka ilikimbia. Ulikuja ule uchaguzi ambao watu walichinjana, reli ikang'olewa huko mbele, malori yakakwama, na kwa mara ya kwanza tuliona Waganda wakija kwetu kuuliza kama wakubwa wetu wamepatana. Mpaka ukajengwa upya, majengo ya vioo, ofisa wa Kenya na wa Uganda wamekaa kaunta moja. Wino ukaondoka ikaja mashine ya kusoma vidole kwa taa. Vidole vya Bukhayo viliikataa nayo, na nikawafundisha vijana mafuta ya kupikia. Evelyne akawa nesi, akafanya kazi Nangina kwanza, halafu akaomba uhamisho Malaba awe karibu na nyanya yake.

Yeye alikuwa pale korona ilipofika. Mpaka ukafungwa kwa kila mtu isipokuwa mizigo, na kila dereva akawa lazima apimwe puani. Foleni ya matrela ilitoka Malaba ikaenda ikapotelea huko Bungoma. Madereva walilala chini ya magari yao, wakapika chini ya magari yao, na watu wa vijijini waliwakimbia kama wachawi. Akello hakuwakimbia. Mjukuu wake alimkataza, akamgombeza, mwishowe akamnyang'anya sufuria. Akanunua nyingine. "Hawa wamekunywa uji wangu tangu Rosa akiwa mdogo," alimjibu. "Leo niwaambie wafe njaa?"

Aliugua, akapelekwa wodi ya kutengwa, akafariki. Walisema ni hiyo hiyo korona. Maziko yalitakiwa kufanyika haraka, watu wachache, na waliovaa nguo za kujikinga pekee ndio waguse jeneza.

Lakini azikwe wapi? Nilikuwepo hapo Moding, nimevaa barakoa, nimesimama mbali kama tulivyoagizwa. Wazee wa pale wakaanza kushauriana kwa sauti ya juu kwa sababu ya ule umbali. Mmoja akasema mwanamke aliyeolewa hazikwi kwa baba yake, ni mkosi, apelekwe kwa mume. Mwingine akasema mpaka umefungwa. Wa tatu akasema basi azikwe makaburi ya umma Malaba, serikali itajua. Gari lililobeba jeneza lilikuwa linanguruma barabarani, na afisa wa afya anatutolea ishara kwamba saa zinakwenda.

Mzee Ekirapa alikuwa mkongwe kabisa wakati huo, ameketishwa kwenye kiti, wajukuu hawataki akaribie mtu. Akagonga fimbo chini. "Mnasema apelekwe kwa mume wake. Nionyesheni kaburi la mume wake." Akawaelekezea fimbo. "Si mnaenda huko ng'ambo kila siku kwa njia za panya? Nionyesheni hilo kaburi, mimi mwenyewe nitambeba." Wakatazama chini. "Basi achimbiwe kwa Salongo." Pale palipokuwa boma la Salongo sasa pana shamba la mihogo la mtu mwingine, na mtu huyo, Mungu ambariki, alikuwa ameshaanza kung'oa mihogo yake kabla mzee hajamaliza kusema.

Jeneza likaletwa na watu wa afya. Walikuwa wamevaa yale mavazi meupe toka kichwani mpaka miguuni, miwani, barakoa, glavu, huwezi kujua mwanamume ni yupi wala mwanamke ni yupi. Padri aliomba kwa kifupi akiwa mbali. Sisi tulizuiwa na kamba. Jeneza likashuka. Hapakuwa na wimbo, hapakuwa na wasifu, hapakuwa na mtu wa kuanguka chini akashikwa. Nilijiona kama nimekuja kushuhudia kazi ya ofisi nyingine.

Mzee Ekirapa akanyanyuka kwenye kiti chake, akasogea mpaka kwenye kamba na kuishika. Akawatazama wale watu weupe mmoja mmoja.

"Mtoto wa Rosa ni yupi kati yenu?" akauliza.

 Mmoja, aliyekuwa ameshika kamba ya jeneza upande wa kichwani, akainua mkono.

"Anza wewe kutia udongo," mzee akamwambia. "Hao wengine ni wa serikali. Wewe ni wa kwa Salongo."

Evelyne akachukua sepetu, akaanza.